Senene wa Kagera wamefikaje Ulaya? Habari ya kujenga tovuti ya wadudu kwa data ya bure

Kuna tovuti ya wadudu wa Tanzania nimekuwa naijenga, kwa Kiswahili, na kila nikimwonyesha mtu swali la kwanza halihusu wadudu kabisa, anauliza "hii data yote umenunua wapi?" Sijanunua. Ipo wazi, yeyote mwenye bando anaichukua. Chanzo kikubwa ni GBIF, mtandao wa kimataifa ulioanza 2001, makao yake Copenhagen, kazi yake kukusanya rekodi za viumbe kutoka makumbusho, vyuo, watafiti na watu wa kawaida wanaopiga picha kwa simu, halafu zote zinapangwa kwa mfumo mmoja. Rekodi zilishavuka bilioni 2 mwaka 2022. Nyingi ni za ndege, maana watu wa ndege wana bidii ya kutisha, hawachoki wale, lakini wadudu nao wapo wa kutosha kukuumiza kichwa. Na Tanzania tumo, kuna TanBIF, tawi letu la GBIF, pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kwa hiyo siyo kitu cha wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani.

Sasa watu wa IT wakisikia hivyo wanaona kazi imeisha: vuta data, mwaga kwenye databesi, tengeneza kurasa, kalale. Thubutu. Data ya wazi inakupa vitu vingi sana ila haikupi mtu anayemjua mdudu mwenyewe na anayeijua sehemu alipookotwa, na hapo ndipo kazi yote ilipo, mengine ni kuandika skripti tu, yaani programu ndogo za kompyuta.

Kilicho rahisi ni mti wenyewe. Kila kiumbe ni mstari mmoja kwenye jedwali: namba yake, jina, ngazi, na namba ya mzazi wake. Wadudu wote, yaani Insecta, kwenye mti wa GBIF ni namba 216, chini yake vipepeo na nondo ni 797, mbawakawa 1470, nzi na mbu 811, nyuki na nyigu na sisimizi 1457. Mimi natumia SQLite, databesi ya bure inayokaa kwenye faili moja, hakuna seva ya kulipia kila mwezi, na kupanda kutoka spishi hadi ufalme ni kuuliza "mzazi wako nani" tena na tena mpaka ufike juu. Wadudu waliopewa majina duniani ni kama milioni 1 na mbawakawa peke yao wanakaribia 400,000, ila wa kwetu ukiwachuja wanaingia kwenye laptopu ya kawaida bila shida.

Kuna kitu kimoja tu ukijue mapema kuhusu ule mti: una ngazi kuu peke yake. Ufalme, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, basi. Ngazi za katikati hazimo. Wafuga nyuki wananielewa hapa, nyuki wadogo wasiouma, wale wa asali chachu, wana kundi lao linaitwa Meliponini ndani ya familia ya Apidae, na mtu akifungua ukurasa wa nyuki anataka awaone hao wamekaa pamoja mbali na nyuki wakubwa wanaouma. Ukitegemea GBIF tu unaruka kutoka Apidae moja kwa moja hadi jenasi, nyuki wote wamechanganywa kwenye orodha moja ndefu ya alfabeti. Ngazi za katikati nazichukua Catalogue of Life, ambayo nayo ni ya bure, ina spishi zaidi ya milioni 2 za viumbe vya kila aina na inapewa data na wataalamu wa kila kundi, wa panzi kivyao, wa nondo kivyao.

Halafu mti wenyewe hausimami. Mchwa zamani walikuwa na oda yao, Isoptera, vitabu vya shule vingi bado vinasema hivyo, lakini tangu utafiti wa jeni wa miaka ya 2000, hasa karatasi moja ya 2007, ikaonekana wazi kwamba mchwa ni tawi ndani ya mende. Leo kwenye data wako chini ya Blattodea. Nikiweka hivyo napata ujumbe wa watu wamekasirika, "yaani kumbikumbi ni mende? mimi nimekula mende?" Ndiyo, kwa ukoo ndiyo. Sijaibadilisha na sitaibadilisha.

Haya, tuje kwa senene sasa, maana hapa ndipo nilipoelewa mchezo wote.

Senene wa Kagera kwa jina la kisayansi ni Ruspolia differens (Serville, 1838). Yale mabano siyo pambo, yanamaanisha Serville alipomtaja 1838 alimweka kwenye jenasi nyingine na baadaye akahamishwa, na kanuni ya majina ya wanyama inataka aliyemtaja kwanza aandikwe hivyo. Na siyo nzige. Mwangalie kwa karibu: papasi za nzige ni fupi na nene kidogo, za senene ni nyembamba kama uzi na zinapita urefu wa mwili wake. Familia yake ni Tettigoniidae, nzige wako Acrididae. Kuna wa kijani, kuna wa kahawia, kuna wenye michirizi ya zambarau, na wote ni spishi moja, japo ukikaa na wauzaji pale Bukoba msimu wa Novemba utasikia kila rangi ina wapenzi wake.

Tatizo ni kwamba karatasi za zamani za Afrika Mashariki hazimwiti hivyo. Zinamwita Homorocoryphus nitidulus, au Ruspolia nitidula. Sasa ukiwa na orodha ya majina ya zamani na unaipeleka GBIF ikulinganishie, mashine inafanya kazi yake vizuri kabisa: inaona Homorocoryphus ni jina la zamani la Ruspolia, inakupeleka Ruspolia nitidula, imekubaliwa, asante. Ila Ruspolia nitidula ni mdudu wa Ulaya. Scopoli ndiye aliyemtaja kule kwao 1786. Kwa hiyo senene wa Bukoba walionaswa, wakakaangwa na kuliwa tangu enzi za mababu, kwenye tovuti wanatokea ni panzi wa nyasi za Italia na Ufaransa, na picha yake juu.

Hapo hakuna bug, yaani programu haijakosea. Jina limefuatwa sawasawa, tatizo ni kwamba walioandika zile karatasi walitumia jina la mdudu mwingine kumwita huyu wetu. Hicho kompyuta haiwezi kukijua kwa kuangalia jina peke yake, lazima mtu aseme: rekodi hii imetoka Kagera, wanasema wamekula, huyu ni differens. Basi nimetengeneza jedwali la pembeni, dogo tu, la majina yaliyotumika vibaya kwetu, na kila mstari una sababu yake na chanzo chake, na skripti inalisoma hilo kabla ya kwenda kuuliza nje. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye mradi huu, japo hakuna mtu anayeiona.

Kwa hiyo ushauri kwa anayetaka kujenga kitu cha hivi kwa nchi yake: usijenge juu ya majina. Jenga juu ya namba. Mtu anaweza kuolewa akabadili jina, akabatizwa akabadili tena, namba ya NIDA inabaki ileile, na mdudu naye mpe namba yako mwenyewe ya ndani, halafu majina yote yaliyowahi kutumika, yanayokubaliwa na yaliyokufa, yawe jedwali jingine linaloelekea kwenye ile namba. Na hata namba za GBIF zisiwe ndiyo ufunguo wako mkuu, kwa sababu mti wao unajengwa upya kila baada ya muda na namba zinaweza kubadilika au kufutwa. Ziweke kama safu ya kawaida tu.

Majina yana mitego mingine. Kuna Ricinus. Ukiuliza GBIF neno hilo bila kusema unataka mnyama unaweza kuletewa mbarika, ule mti wa mafuta ya nyonyo, kumbe wewe unamtafuta chawa wa ndege, ambaye jenasi yake nayo inaitwa Ricinus. Kanuni za majina ya mimea na za wanyama ni mbili tofauti, kila upande unajipa majina bila kuuliza mwenzake, kwa hiyo inaruhusiwa kabisa. Pieris hivyohivyo, kuna kipepeo na kuna ua. Dawa yake ni kuongeza neno moja tu kwenye swali, kwamba ufalme ni Animalia. Na ukipata jibu angalia limelinganishwa vipi, maana likiandikwa HIGHERRANK maana yake spishi haikupatikana, umepewa jenasi au hata familia kiujanja, na ukiipokea bila kuangalia utaishia na jenasi moja yenye picha za kila mtu.

Siafu nao wana kisa chao. Siafu dume ana mabawa, ana tumbo refu nene, anakuja kwenye taa usiku, hafanani hata kidogo na wale askari wenye taya wanaokupandia miguuni. Linnaeus mwaka 1764 alipoletewa dume mmoja wa kiafrika alimwandika kuwa ni nyigu, Vespa helvola. Leo ni Dorylus helvolus. Na mpaka leo kuna spishi za siafu zinazojulikana kwa madume tu, hakuna aliyewahi kuwaunganisha na vibarua wao, na upande wa pili kuna vibarua ambao dume wao hajulikani. Inawezekana kabisa wengine ni mdudu mmoja mwenye kurasa mbili kwenye tovuti yangu. Nimeziacha hivyohivyo, nimeandika tu chini "dume pekee anajulikana", kwa sababu mimi siyo wa kuunganisha, hiyo ni kazi ya watu wenye darubini na vipimo vya jeni.

Tuje kwenye ramani, ambazo kila mtu anazipenda na mimi ndizo zinazonikosesha raha.

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta kwa hiyo latitudo zetu zote ni hasi. Kuna mtu mahali fulani aliyekuwa anaingiza data akasahau alama ya kutoa, na mdudu wa Dar es Salaam, -6.8, akawa 6.8, yuko Ethiopia anatembea milima ya Bale. Wengine wana sifuri na sifuri, wako baharini Ghuba ya Guinea. Wengine wamerundikana mahali fulani kati ya Singida na Dodoma, na ukifikiri hapo kuna msitu wa ajabu unakuta lebo ilisema "Tanganyika" basi, mtu akaweka nukta katikati ya nchi. GBIF yenyewe inaziwekea alama nyingi kati ya hizi, kwa hiyo chuja kwa alama zao kwanza. Na zile nukta za iNaturalist, tovuti ambako watu hupakia picha za viumbe walivyoviona, zilizofichwa makusudi kulinda spishi, zinatupwa popote ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa kila upande, kama kilomita 22, kwa hiyo kipepeo wa msitu wa Tanga anaweza kuonekana yuko baharini na hakuna aliyekosea.

Mwaka nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mfano mzuri ni mbung'o wa Unguja, Glossina austeni. Nukta zake kwenye kisiwa zinaweza kukutisha, lakini huyo alimalizwa kule kwa mbinu ya kuachia madume waliotasishwa kwa mionzi, wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mwaka uliofuata ikatangazwa kisiwa hakina mbung'o. Ramani isiyoonyesha mwaka itamwambia mfugaji wa Unguja kwamba bado wapo. Nimeweka rangi, za kabla ya 1980 kijivu, za karibuni nyekundu, na mbung'o wa Unguja wana maelezo yao kabisa.

Na hata ukishasafisha yote hayo, kinachobaki siyo ramani ya wadudu. Ni ramani ya walikopita watu wenye nyavu na kamera. Amani imejaa, kwa sababu Wajerumani walifungua taasisi yao pale 1902 na watafiti hawajaacha kwenda tangu hapo. Arusha imejaa, malango ya hifadhi yamejaa, hoteli za pwani ya Unguja zimejaa. Katavi, Rukwa, Lindi ya ndani ndani, kimya. Mtu akiniambia "kumbe Sumbawanga hakuna vipepeo" huwa nacheka tu.

Sasa kuna lebo. Sehemu kubwa ya sampuli za zamani za nchi yetu ziko Berlin, London, Stockholm na kwingineko, zimechomwa pini tangu enzi za ukoloni, na wengi wetu hatutaziona kwa macho maisha yetu yote. Data ya wazi angalau inatuletea maandishi ya lebo. Chukua msafara wa Sjöstedt, Mswidi aliyekuja Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 akaokota wadudu kwa wingi usiosemeka, spishi kibao zilielezwa mara ya kwanza kutokana na mzigo wake. Lebo zinasema "Kilimandjaro, Kibonoto". Ukiipa kompyuta itafute Kibonoto inakodoa macho, haipo. Lakini mtu yeyote wa Siha au Sanya Juu anajua mara moja, ni Kibong'oto, pale kwenye hospitali ya kifua kikuu. Nyingine inasema "Meru, Ngare na nyuki", hiyo hata ramani ya simu inayo ukiandika neno moja, Ngarenanyuki. "Nguelo" ya Usambara ni Ngwelo. Yaani kazi ambayo mtaalamu aliyekaa Ulaya angekesha na ramani za kijerumani, hapa ni kumuuliza dereva wa boda.

Hiki ndicho kilichonifanya niache kujiona mtumiaji tu wa data ya watu. Kila seti ya data GBIF ina mawasiliano ya wenye nayo na unaweza kuwatumia marekebisho. Wengine wanajibu haraka na kushukuru sana, wengine kimya, lakini kwangu marekebisho yanabaki kwenye jedwali langu na yeyote anaweza kulipakua.

Picha nitapita haraka. Nyingi nazitoa iNaturalist, ile iliyoanza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Soma leseni ya kila picha, usisome ya tovuti nzima: CC0 fanya utakavyo, CC BY taja mwenyewe, CC BY-NC usifanyie biashara, na hii ya mwisho ndiyo wengi wanayo kwa sababu inakuja yenyewe mtu akijiandikisha. Sijaweka matangazo kwenye tovuti kwa sababu hiyo, mabishano ya kama tangazo ni biashara au siyo sina muda nayo. Na picha yenye jina lililothibitishwa na watu wawili watatu bado siyo ya kuamini kichwa kichwa. Kipepeo wa rangi ya chungwa anayejaa kwenye bustani zetu, Danaus chrysippus, ana sumu na ndege wanamwogopa, halafu jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, anavaa rangi zilezile kujikinga. Angalia bawa la nyuma: wa kwanza ana madoa meusi matatu au manne katikati, wa pili ana moja tu karibu na ukingo wa juu. Nimeshaondoa kadhaa waliokuwa wamepachikwa ukurasa wa mwenzao.

Ukurasa unaofunguliwa zaidi siyo wa vipepeo wala senene, ni wa viwavijeshi, na najua kwa nini. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alitoka Amerika, akagunduliwa Afrika Magharibi 2016 na 2017 akawa tayari kwenye mahindi yetu, na mkulima anataka kujua kama huyu aliyenaye ni yule mgeni au ni kiwavijeshi wa siku zote, Spodoptera exempta. Nimeweka picha mbili kubwa, kichwa na mkia: mgeni ana alama ya Y iliyogeuzwa juu chini usoni, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Mti wa ukoo nimeuweka chini kabisa ya ukurasa huo, anayetaka atauona.

Kwa wenzangu wa bando: usivute rekodi zote ili uhesabu. Uliza GBIF kwa taxonKey=216 na country=TZ, weka limit=0 na facet=speciesKey, utaletewa idadi kwa kila spishi bila rekodi hata moja, kilobaiti chache tu, ila pandisha facetLimit maana bila hivyo unapewa chache za juu. Ukitaka rekodi zenyewe, kwa njia ya kawaida unapewa 300 kwa kila ukurasa na huvuki 100,000, zaidi ya hapo fungua akaunti ya bure uombe faili zima, wanakuandalia na kukutumia kiungo chenye DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitaja data hiyo, na hiyo DOI itaje, ndiyo inayowafikia walioziokota. Faili linaitwa CSV lakini limetenganishwa kwa tabo, ukilibonyeza likafunguka kwenye Excel safu zinavurugika na tarehe zinaharibika, kwa hiyo liingize kwa skripti.

Orodha ya sehemu za lebo ambazo bado sijazipata iko kwenye ukurasa wa "lebo za zamani", nimeziacha na herufi zake za kijerumani na kiingereza kama zilivyo. Nyingi ni Usambara, Uluguru na Unyika. Kama wewe ni wa Muheza, Korogwe au Mgeta, zisome kwa sauti, au bora zaidi mpigie simu babu umsomee yeye, halafu niandikie ni wapi.